Swali la Filipo kwa Watoto Wetu



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, twasoma habari za towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake. Alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini mwake, akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alipomsikia hakumsifu kwa kusoma kwake. Alimwuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Naye, ingawa alikuwa mtu mwenye cheo, hakuona haya kukiri kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza. Kisha akamwonyesha Filipo mahali penyewe palipomtatiza. Kutoka hapo Filipo akaanza kumhubiri Yesu, na safari ile ikafika kwenye maji ya ubatizo.

Towashi alijua kusoma. Lakini alijua na jambo la pili: alijua mahali ambapo kuelewa kwake kulikomea. Mtoto wa shule ya msingi asiyejua jambo hilo la pili hukariri tu. Hapa Ufipa wako watoto wengi wanaoingia darasani na Kifipa cha nyumbani, nayo masomo ni ya Kiswahili. Basi huitikia pamoja na wenzao hata pale ambapo maneno hayajawaingia, nasi twaridhika kwa kuwa sauti ni kubwa. Siku ya mtihani kila mmoja yu peke yake, na anayeshindwa hujiambia, "Mimi ni mjinga." Hili latuhuzunisha sana. Mtoto aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu anajihukumu, hali hakuna aliyemfundisha kuitazama akili yake ikifanya kazi.

Tutoe mfano. Mtoto anaulizwa 43 toa 17, naye anaandika 34. Sisi wazazi husema, "Umekosa," na pengine kofi hufuata. Lakini tukimwuliza, "Umefikaje hapo?" huenda akajibu, "7 toa 3 ni 4. 4 toa 1 ni 3." Kumbe alikuwa akifikiri! Alitoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kuangalia ipi iko juu. Tumpe maharage, mafungu manne ya kumi kumi na punje tatu, aondoe 17. Ataona mwenyewe kwamba hana budi kufungua fungu moja, na kwamba zinabaki 26. Tena atakuwa amejua ni wapi alipopotea, na mara nyingine atapaangalia.

Wakulima wa Ufipa tusishangae. Wazee wetu walifundisha kufukia majani katika matuta ya mviringo, ntumba, kabla mvua hazijakwisha. Majani huoza humo ndani, na msimu unaofuata udongo ule hutawanywa, ndipo ulezi hupandwa. Somo nalo ni hivyo. Lililofukiwa leo lifukuliwe kesho, na tena juma lijalo, daftari likiwa limefungwa, ndipo litakapokuwa mbolea ya somo jipya. Na jembe la kulifukulia ni swali.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Kazi hiyo tusiwaachie walimu peke yao, maana darasa lenye watoto wengi halimpi mwalimu nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Jioni, chakula kikiwa jikoni, tumwulize mtoto mambo matatu: Leo umejifunza nini? Umejuaje kwamba ndivyo? Ni wapi ulipokwama? Aeleze kwa Kifipa mbele ya bibi yake. Bibi asiyejua kusoma ni mtahini mzuri, kwa sababu hatosheki na maneno yaliyokaririwa. Na mtoto akisema, "Hapa sikuelewa," asichekwe. Amefanya kama yule towashi.

Nasi kanisani tujihoji. Mara ngapi tumemsifu mtoto wa Kipaimara kwa kuyasema majibu yote bila kituo, tusimwulize yana maana gani kwake? Bwana wetu mwenyewe, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni akiwasikiliza waalimu na kuwauliza maswali. Tusiwanyime watoto wetu nafasi aliyopewa Yeye.

Mungu atujalie masikio ya kusikia na subira ya kungoja jibu. Amina.