Aliyeuliza Ni Yeye

Somo la juma hili: Ruthu 2:1–16

Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani, nilipotumwa kuhudumu huko kwa ushirikiano wa dayosisi yetu na kanisa la kule, siku moja nilirudi kutoka dukani moyo ukiniuma. Nilikwenda kununua mkate, maziwa na viazi. Nilipomfikia keshia nilimsalimu, nikangoja aniulize habari kama tunavyoulizana. Yeye aliketi tu, mkono wake ukipitisha vitu kwenye mashine harakaharaka, navyo vikirundikana upande wa pili. Akataja jumla. Sikuwa na mfuko, na kule mfuko haupewi bure. Foleni nzima ikanitumbulia macho. Nikakumbatia viazi vyangu kifuani, nikatoka. Jioni niliandika katika daftari kwamba watu hawa hawana utu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa usharika, mstaafu aliyekaa miaka mingi kwenye kiti kile cha keshia. Aliniambia kasi ya mkono wake ilikuwa ikihesabiwa, na kwamba kwao heshima kwa mteja ni kutompotezea muda. Anayesimama kupiga soga anawaonea walio nyuma yake. Si kwamba Wajerumani wanaridhika. Wenyewe wana neno la kuiita nchi yao jangwa la huduma. Hata hivyo kampuni ya Kimarekani ya Walmart ilipoingia huko mwaka 1997, ikataka wafanyakazi wawatabasamie wateja na kuwafungashia vitu, wateja wengi hawakupendezwa. Waliona tabasamu la kuagizwa halitoki moyoni. Mwaka 2006 kampuni ikauza maduka yake na kuondoka. Sababu zilikuwa nyingi, ushindani wa bei ukiwamo, lakini mama yule alikuwa akikumbuka lile tabasamu tu.

Tangu hapo ukimya wa keshia sikuuita tena dharau, na vijana wetu walioko ughaibuni nawasihi wasiwe wepesi kuuita hivyo.

Lakini liko jambo jingine, na hilo siwezi kulifunika kwa jina la desturi. Binti yetu mmoja, muuguzi, alikwenda duka la viatu na rafiki yake Mjerumani. Akauliza, kwa Kijerumani cha kujikongoja, kama kuna namba 38. Muuzaji akamjibu rafiki. Akauliza tena, akajibiwa rafiki tena. Alinisimulia hayo sebuleni kwangu akiitazama mikono yake. "Mchungaji, nilikuwa nimesimama palepale." Akalia. Kiatu alikwisha kukisahau.

Usiku ule niliisoma Ruthu upya. Boazi anafika shambani mwake, na kabla ya kuuliza lolote anawasalimu wavunaji wake. Anamwona mwanamke asiyemfahamu akiokota masazo, anamwuliza msimamizi ni nani, anaambiwa ni yule Mmoabu aliyerudi na Naomi, mkwewe. Angeweza kuishia hapo, akampa msimamizi maagizo ya kumfikishia mgeni. Hakufanya hivyo. Anasema na Ruthu mwenyewe, anamwita binti yake, anamweleza anywe maji kwenye vyombo vilevile vya vijana wake. Saa ya chakula anamkaribisha, naye anaketi pamoja na wavunaji. Ruthu hakuwa mteja hata kidogo. Hakuwa na senti ya kumfaidi mwenye shamba. Kisha Boazi anawaagiza vijana wasimkemee, tena wamwachie masuke kwa makusudi. Ninyi washarika wenye maduka, litazameni agizo hilo vizuri. Kijana uliyemweka kaunta huwapokea watu kama anavyokuona wewe ukiwapokea.

Kwetu hali ikoje? Mkimbizi wa Kirundi akifungua kinywa sokoni Kasulu, lafudhi yake inaweza kuchekwa kabla haja yake haijasikika. Mzungu atavutiwa kiti, ataitwa bosi, kisha atapewa bei ambayo jirani yetu hatapewa. Bibi wa kijijini mwenye kanga iliyopauka anangoja pembeni mpaka hao wote waishe, naye si mgeni wa nchi yoyote. Mambo haya yananiuma kuliko ya Ujerumani, maana yanafanywa na watu ninaowabatizia watoto.

Nami nimeyafanya. Miaka mingi kabla ya safari yangu, niliingia duka la vyombo mjini Moshi na mama mmisionari aliyekuwa ameishi nchini muda mrefu. Alishika sufuria akamwuliza mwenye duka, "Sufuria hii shilingi ngapi?" Kiswahili safi kabisa. Mwenye duka akanigeukia mimi: "Mwambie elfu kumi na tano." Nikageuka, nikamwambia, kana kwamba hakusikia. Tukaanza kupatana bei, mimi na mwenye duka, yeye akiwa amesimama kati yetu na sufuria mkononi. Tulishuka mpaka elfu kumi na mbili, nikafurahi kwamba nimemsaidia.

Tulipotoka nje aliniuliza, "Mchungaji, Kiswahili changu ni kibaya sana?"

Nikamwambia ni kizuri. Hakusema neno jingine mpaka tulipofika kwenye gari.

Sasa ni mzee, amerudi kwao. Juma hili nimemwandikia barua, kwa Kiswahili.