Ada ya Kila Mwezi: Ni Haki au Dhuluma?

Amri ya saba ya Mungu twaifahamu tangu siku za katekisimu. Wengi wakiisikia humfikiria mwizi wa kuku au wa baiskeli. Wachache hukumbuka kwamba muuzaji anayetoza bei isiyo ya haki huivunja amri hiyo hiyo, na ya kuwa mnunuzi anayetaka kazi ya mwenzake bila ujira huivunja vilevile. Kwa hiyo si neno dogo kuuliza kama wengi waulizavyo siku hizi: Je, ni haki programu ya mtandao wa kijamii kudai fedha kila mwezi, hali zile za makampuni makubwa hutolewa bure?

Hatusemi hapa juu ya Facebook wala Instagram. Twasema juu ya programu zinazotengenezwa na mtu mmoja, au na watu wachache tu, wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Mathalani Ivory, iliyotolewa Januari 2023 na kikundi kidogo cha Marekani kiitwacho Tapbots. Hiyo ni kwa watumiaji wa Mastodon, mtandao usio na mmiliki mmoja, ulioanzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016. Ivory ilipotoka bei yake ilikuwa karibu dola 2 kwa mwezi, au karibu dola 15 kwa mwaka. Wala fedha hizo hazimfikii mtengenezaji zote, kwa maana Apple, mwenye soko, kwa kawaida hukata asilimia 30, au asilimia 15 kwa mtengenezaji mdogo. Mwenye soko hakosi ushuru hata akiwa amelala.

Manung'uniko ya watu hayahusu sana bei yenyewe. Yahusu maneno haya, "kila mwezi". Kiti ukikinunua ni chako mpaka kivunjike. Mbona programu isinunuliwe mara moja ikaisha? Lakini programu ya namna hii haifanani na kiti. Yafanana zaidi na kazi ya mlinzi wa usiku, ambaye hakuna awezaye kumwambia, "Mshahara nilikwisha kukupa mwaka juzi." Simu hubadilika, kanuni za mtandao hubadilika, kasoro huzuka, wezi hutafuta mlango wa siri, naye mtengenezaji hana budi kukesha. Mashine zinazotunza ujumbe na picha zetu nazo zala umeme usiku na mchana. Signal yaendeshwa na shirika lisilotafuta faida, kwa michango ya watu. Hata hivyo Novemba 2023 ilieleza kwamba yatazamia gharama zake kufikia karibu dola milioni 50 kwa mwaka ifikapo 2025.

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira haupati kuwa wa haki kwa sababu tu pande mbili zimepatana. Yapasa umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi apate kuishi. Naye Papa Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alilitwaa jina hilo hasa kwa kumkumbuka mtangulizi wake huyo, kwa kuwa mashine zenye akili zaleta maswali mapya juu ya haki na kazi. Basi mtu aliyeketi peke yake akiunda programu ni mfanyakazi, ijapokuwa mikono yake haina sugu.

Na hicho kiitwacho bure, je, ni bure kweli? WhatsApp, ambayo leo haikosi katika kwaya, katika jumuiya ndogondogo, na hasa katika kamati za harusi, zamani ilikuwa na ada ya karibu dola 1 kwa mwaka. Waanzilishi wake, Jan Koum na Brian Acton, hawakutaka matangazo ya biashara. Mwaka 2014 Facebook iliinunua kwa karibu dola bilioni 19. Januari 2016 ada ikafutwa, watu wakafurahi. Juni 2025 kampuni hiyo, ambayo sasa yaitwa Meta, ilitangaza kwamba matangazo yataanza kuonekana ndani ya WhatsApp. Hakuna anunuaye shamba kwa mabilioni asitafute mavuno. Baba anayekataa kulipa dola 2, kisha akawaacha wanawe mbele ya kioo kilichoundwa makusudi kuwashika macho saa nyingi, amelipa tayari, tena kwa kitu kisichorudishwa.

Hata hivyo haki yampasa muuzaji pia. Kumpa mtu wiki moja ya majaribio, kisha kuanza kumkata fedha kwa siri, na kuficha mlango wa kujitoa, ni udanganyifu mtupu. Tena asiuze kama chake kilicho mikononi mwa mwingine. Programu nyingi za watengenezaji hawa ni madirisha yaliyotobolewa katika ukuta wa jirani. Januari 2023 Twitter iliyafunga madirisha hayo ghafula. Tweetbot na Twitterrific zikafa, na watu walikuwa wamekwisha kulipa ada ya mwaka. Mwaka huo huo Reddit ilidai malipo mapya kwa kila ombi la programu za nje. Christian Selig, mtengenezaji wa Apollo, alipiga hesabu akaona yangemfikia karibu dola milioni 20 kwa mwaka. Akaifunga tarehe 30 Juni. Kurudisha ada za miezi iliyobaki kungegharimu karibu dola 250,000, naye aliwaomba watumiaji, kama wapenda, waache kudai.

Je, alikosea kuomba? Hakukosea, kwa kuwa mlango wa kurudishiwa ulikuwa wazi. Fedha ile ilikuwa deni kamili. Aliyeisamehe alitoa sadaka. Aliyeichukua alichukua mali yake, na asiitwe bahili.

Nanyi wazazi, hakuna anayewalazimisha kununua. Unga, dawa na ada ya shule hutangulia, na asiyeweza kulipa atumie kilicho bure kwa kiasi na kwa uangalifu. Lakini liko jambo jingine ambalo vijana hulifanya wakicheka: kupeana kwa simu programu za kulipia zilizovunjwa kufuli. Huo ni wizi, hata kama mwenye mali yuko ng'ambo na hatajua kamwe. Aliyekwisha kuitumia programu ya namna hiyo aifute, awaambie na wale aliowapa. Na akipata fedha, amlipe mtengenezaji ada ya miezi aliyoitumia.