Mikono ya Nani?

Novemba 2022 nilikaa jikoni na mama yangu, Des Moines, Iowa, tukisoma mfano wa karatasi ya kura. Alikuwa anapiga kura kwa mara ya kwanza kama raia wa Marekani, na karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Majina ya wagombea hayakutusumbua. Tulikwama kwenye swali la kubadili katiba ya jimbo: haki ya watu kumiliki na kubeba silaha isivunjwe, itambuliwe kuwa haki ya msingi ya kila mtu, na kila kizuizi juu yake kipitie "uchunguzi mkali".

"Sasa wanataka nini hasa?" mama akauliza.

Nikamweleza nilivyoelewa. Katiba ya Iowa ya mwaka 1857 haikuwa na kifungu cha silaha, ingawa ile ya nchi nzima inacho. Kifungu kikipita, bunge la jimbo bado litaweza kutunga sheria za bunduki. Lakini sheria ikipingwa mahakamani, serikali italazimika kuthibitisha kwamba kuna haja kubwa kweli, na kwamba sheria haibani kupita inavyolazimu. "Yaani watu wanajifunga mikono," nikamalizia.

"Mikono ya nani?"

Nilicheka, lakini swali hilo sijalimaliza mpaka leo.

Kujifunga mikono si upumbavu. Mtu anayejua kwamba pesa haikai mkononi mwake humkabidhi dada yake mshahara na kumwambia: hata nikikuomba, usinipe. Katiba hufanya kazi hiyo hiyo. Tukiwa watulivu tunajizuia kwa ajili ya siku tutakayokuwa na hofu au hasira. Ndiyo maana uhuru wa kuabudu haupigiwi kura kila mwaka. Waliounga mkono kifungu cha Iowa walisema jambo la maana: haki inayotegemea huruma ya wabunge bado si haki.

Ila mwenye mshahara anajifunga yeye mwenyewe. Wapiga kura wa 2022, ambao takriban 65 kati ya kila 100 walisema ndiyo, waliwafunga pia watoto wasioruhusiwa kupiga kura. Kufungua fundo hilo kunahitaji mabunge mawili mfululizo, na uchaguzi katikati yake, kisha kura ya wananchi. Mwaka 1789 Thomas Jefferson alimwandikia James Madison kwamba dunia ni mali ya walio hai.

Tarehe 4 Januari 2024, mwanafunzi wa miaka 17 alifyatua risasi shuleni Perry, mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Des Moines. Mtoto wa darasa la sita aliuawa, na mkuu wa shule akafa siku chache baadaye kwa majeraha. Sisemi kifungu kile ndicho kilichosababisha. Ninachosema ni kwamba wanafunzi walioandamana siku zile hadi bunge la jimbo kudai sheria walikuta mlango umeshawekewa kufuli, na wao hawakuulizwa.

Kwangu mimi, kufuli la katiba linafaa pale linapowalinda wachache ambao wengi wanaweza kuwasahau. Wenye bunduki Iowa hawakuwa wanyonge bungeni. Kura zile zenyewe ni ushahidi.

Nilidhani mama angekubaliana nami. Mwaka 1996 alikimbia Uvira, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. "Wao walikuwa na bunduki," huwa anasema, "sisi tulikuwa na miguu." Siku zote niliyasikia maneno hayo kama hoja dhidi ya bunduki. Usiku ule jikoni nikamkumbusha.

Akanyamaza kidogo. "Na sisi tungekuwa nazo, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Wala hakuniambia alipiga kura gani. Bado naamini nilipiga kura sahihi nilipokataa, lakini tangu usiku ule sisemi tena kwamba kila aliyesema ndiyo alipenda bunduki. Pengine wengine walikumbuka tu siku walipokuwa na miguu peke yake.