Boya Lisimsumbue Samaki

Mara ya kwanza kufunga mshipi wa boya nilijiona fundi. Tulikuwa Dunga, Kisumu. Nilikata kipande kinene cha patipati kuukuu, nikakitoboa, nikapitisha mshipi. Boya likaelea juu juu kama bata. Mjomba akacheka.

"Hilo ni la kukufurahisha wewe," akasema. "Samaki je?"

Nikalichonga hadi likawa jembamba kama kidole. Juu yake nikafunga fundo la uzi la kusogezwa: ukilipandisha, ndoana inashuka zaidi majini, ukilishusha, inapanda. Chini nikabana kipande cha risasi, halafu shubiri moja mbele, ndoana na nyungunyungu. Kazi yenyewe iko kwenye hiyo risasi. Unaongeza kidogo kidogo mpaka boya likaribie kuzama, lichomoze ncha tu. Boya kubwa ni bishi. Ngege akivuta chambo anahisi kitu kinamvuta upande wa pili, anatema. Likisawazishwa vizuri halimbishii. Anaondoka na chambo, roho safi, na wewe unaona ncha ikizama.

Siku hizi nakula kwa kuandika. Mwaka jana mteja mmoja alitaka maneno ya programu ya mikopo ya simu. "Yasiwe mazito," akaniambia. "Mtu asisite." Basi riba nikaishusha chini kabisa, kwa herufi ndogo. Juu nikaandika jinsi pesa zinavyoingia haraka. Nikaondoa kila neno ambalo lingemfanya msomaji asimame hata kidogo. Nililipwa vizuri, nisidanganye.

Rafiki zangu husema hakuna aliyelazimishwa. Kweli. Hata ngege halazimishwi. Wavu humzingira, ndoana humwachia achague. Lakini hiyo hiari ina uzito gani, ikiwa kazi yangu yote ilikuwa kuondoa kile ambacho kingemfanya akatae? Tumezoea kutafuta kosa kwenye uongo, na mimi sikuandika uongo hata sentensi moja. Nyungunyungu pia alikuwa wa kweli.

Utaniuliza mbona simlilii ngege, na nikimpata na ugali simwachi. Sawa. Mimi na ngege hatuna lugha moja, sikumwahidi kitu. Msomaji wangu alifungua simu akiamini maneno yapo ili kumwambia jambo. Kumshawishi sioni ubaya, kila muuza mboga anashawishi, na mnunuzi anabishana naye pale pale. Mimi nilimnyima mtu nafasi ya kubishana, tena makusudi, kwa ufundi ule ule wa kupunguza patipati.

Wiki hii mteja amerudi, anataka mengine. Nimemjibu kwamba nitaandika, ila riba itakaa mstari wa kwanza, kwa herufi sawa na nyingine. Ujumbe ameusoma. Hajajibu. Kodi ya nyumba ni tarehe 5.