Uongo wa Kuokoa na Uongo wa Kujiokoa

Mwaka 1797 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba hata muuaji akibisha hodi akimtafuta rafiki uliyemficha ndani, usimwambie uongo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kijijini Rwanda, mganga wa kienyeji Zura Karuhimbi alifikiwa mlangoni na wauaji wa kweli, wenye mapanga. Aliwatisha kwa mizimu ambayo baadaye alikiri hakuwa nayo, na inasemwa watu zaidi ya 100 walipona nyumbani kwake. Namheshimu Kant, lakini ningekuwa nasakwa, nisingekwenda kujificha kwake.

Usijifananishe haraka na Bi Zura, ndugu yangu. Yeye alihatarisha roho yake kwa ajili ya wengine. Wewe unayesema kwenye simu "nimeshafika Ubungo" na bado unatafuta soksi, unamwokoa nani?

Waislamu wanayo hadithi inayoruhusu uongo katika mambo matatu: vitani, kupatanisha waliogombana, na maneno baina ya mume na mke. Wanaume wengi tumehifadhi la tatu tu. Wanazuoni walishalifafanua: ni maneno ya kuongeza mapenzi, si hila ya kumdhulumu mwenzako haki yake. Mshahara uliouficha haumo humo.

Mdai akija, toka mwenyewe umwombe muda. Usimtume mtoto aseme "baba hayupo". Siku atakapokudanganya wewe kuhusu ada ya shule, utamchapa kwa kosa ulilomfundisha.

Gumu zaidi ni la mgonjwa. Daktari huwaita ndugu pembeni, kisha wanakubaliana: mzee asijue kuwa ni saratani, aambiwe ni vidonda vya tumbo. Siwalaumu, wanaogopa atakata tamaa. Lakini mzee huyo ana shamba ambalo halijagawiwa, ana madeni anayoyajua peke yake, pengine ana ndugu ambaye hawajasemezana miaka mingi. Mkimficha, mnamaliza muda wake bila idhini yake. Na mara nyingi anajua: anawaona mnavyonong'onezana, naye anaigiza ili asiwaumize, kila mtu akilia chumbani kwake. Wapo pia wasiotaka kabisa kuambiwa, na hiyo ni haki yao. Kwa hiyo, kabla majibu hayajatoka, muulizeni angependa aelezwe kiasi gani, na nani awepo chumbani daktari akizungumza.