Wana wa Adamu Chini ya Milima ya Mwezi

Amwonaye mkulima wa Bwera, chini ya Rwenzori, akigeuza kahawa yake jamvini kwa kiganja, au kijana wa Kasese akisukuma baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, hatasadiki kwa wepesi kwamba wachoraji wa zama za kati, waliozijua pande zetu kwa uvumi tu, walizijaza viumbe wa kutisha. Katika ramani kubwa ya Hereford, Uingereza, iliyochorwa juu ya ngozi yapata mwaka 1300, ukingo wa kusini wa Afrika umepangwa watu wa ajabu, wakiwamo wasio na kichwa, macho na kinywa vikiwa kifuani.

Suala lililozaliwa hapo ni zito, nalo Agostino, askofu wa Hippo na mwana wa Afrika, alikwisha kulikabili katika kitabu chake Mji wa Mungu: je, viumbe hao, iwapo wapo, ni uzao wa Adamu? Akajibu kwa hadhari kwamba huenda habari zenyewe ni za uongo. Lakini yeyote azaliwaye mtu, mwenye akili na mwenye kufa, hata umbo lake liwe geni namna gani, asili yake ni baba yule mmoja.

Naistahi sana jawabu hii, ila moyo wangu hauridhiki nayo kikamilifu, kwa kuwa bado yamweka mgeni mizanini, na mwenye kupima hapimwi. Wakonzo wa miteremko ya Rwenzori, milima ambayo wengi wanaona ndiyo Milima ya Mwezi ya Ptolemaio, mwanajiografia wa kale, walimjua Kitasamba, mwenye enzi ya theluji, wala hawakungoja fatwa ya mtu kuuthibitisha utu wao.