Je, Huruma Yafundishwa Chuoni?

Katika usharika mmoja tunaoujua sana, kwa kuwa ni wetu wenyewe, wazee walikutana baada ya ibada kutazama haja ya binti mmoja. Binti huyu, mtoto wa mjane, alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya ustawi wa jamii kwa muda wa miaka mitatu, akaomba usharika umsaidie sehemu ya ada. Kama angaliomba kusoma uuguzi au ualimu, shauri lingalikwisha upesi, maana kila mtu ajua kazi ya muuguzi na ya mwalimu. Walakini hii ya ustawi wa jamii iliwatatiza. Mzee mmoja, mtu mwema asiyesema ovyo, akamwuliza, “Mwanetu, mama yako amewalea yatima wawili wa ndugu yake, nawe umeona kwa macho yako. Yeye alikwenda chuo gani?”

Watu wakacheka. Hata binti alicheka kidogo, kwa adabu, akainama asijibu. Shauri likaahirishwa mpaka mwezi uliofuata, nasi tukarudi nyumbani tukiona ya kuwa mzee amesema neno la kweli. Huruma si hesabu, wala si sheria, hata mtu aketi darasani ajifunze. Aliye nayo anayo, na asiye nayo hataipata kwa cheti.

Lakini njiani tulipita karibu na nyumba moja iliyobomoka, na pale neno la mzee likaanza kutuchoma.

Zamani kidogo, zaidi ya miaka kumi, alikaa pale mtu mlevi, mkewe amekufa, na mtoto wake wa kiume wa miaka tisa alikuwa akionekana kijijini hana shati, tena saa za shule. Sisi wazee tulimhurumia sana. Hapana aliyetusukuma, wala hapana aliyetulipa. Katika juma moja tuliongea na baba yake, ambaye alikubali upesi (na upesi ule ungalitupasa kutushtua), tukachanga nauli, tukampeleka mtoto mjini kwa watu wa kanisa walioahidi kumsomesha. Jumapili ile tulimshukuru Mungu mbele ya usharika wote.

Hatukumwuliza mtoto neno lolote. Wala hatukujua ya kuwa ng'ambo ya bonde alikuwako bibi yake, mzazi wa mama yake, na kwamba mtoto alilala kwake siku nyingi kuliko alivyolala kwa baba, akala kwake, na asubuhi akamchotea maji kabla ya kwenda shule. Ndiyo sababu alichelewa. Bibi huyu hakuwa msharika wetu, kwa hiyo hapana aliyemfikiri. Baada ya miaka miwili kijana alitoroka akarudi. Huko mjini hakusomeshwa. Aliuza mayai sokoni na kuosha vyombo vya nyumba ile. Aliporudi, bibi alikuwa amekwisha kufa. Hakutulaumu. Alitukuta njiani, akasema shikamoo, akapita.

Katika miaka ile miwili tulimwombea kwa jina kila mwezi. Walakini hapana hata mmoja wetu aliyepanda gari kwenda kumtazama.

Basi twauliza: je, tulipungukiwa na huruma? Hapana, tulikuwa nayo tele. Tulipungukiwa na neno jingine, nalo ndilo tunalotaka kulitafuta hapa.

Swali hili si geni, wala halikuanza kwetu. Katika miji mikubwa ya Marekani, mwisho wa karne ya kumi na tisa, mabibi wenye nafasi walikuwa wakizunguka katika nyumba za maskini kuwapa mashauri na misaada, kila mmoja kwa moyo wake na kwa akili yake. Mjini Baltimore alikuwako mwanamke jina lake Mary Richmond, aliyezaliwa mwaka 1861, naye alikuwa yatima aliyelelewa na bibi yake. Hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1889 aliingia kazini kama msaidizi wa mweka hazina katika chama cha kuwasaidia maskini, na kwa kutazama kazi ile kutoka ndani aliona ya kuwa wema mwingi wa mabibi wale ulikosa shabaha, na mara nyingine uliumiza. Mwaka 1897, katika mkutano wa Toronto, akasema lazima iwepo shule ya kuwafundisha watu kazi hii. Mwaka uliofuata darasa la majuma sita likafunguliwa New York. Nalo lilikua hata leo ni shule katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Mwaka 1917 mwanamke huyu alitoa kitabu kikubwa kiitwacho Social Diagnosis, yaani kuyapima matatizo ya watu kama mganga apimavyo ugonjwa. Ukisikia jina utadhani ni kitabu cha maarifa magumu. Walakini moyo wake ni neno moja ambalo hata mtoto alifahamu: uliza kabla hujatenda. Mwulize mwenyewe, uwaulize jamaa zake, mwalimu wake, mganga wake, jirani yake. Ulinganishe maneno yao. Usiamini la kwanza kwa sababu limekuja kwanza. Tangazama mtu pamoja na watu wake na mahali pake, maana hapana mtu aliye peke yake kama mti katika uwanja wa mpira. Lau tungaliuliza hivi kwa siku mbili tu, tungalivuka bonde.

Hayo ndiyo wanayosoma vijana katika vyuo vyetu hata leo. Katika Tanzania, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1973, na baadaye vyuo vikuu kadha wa kadha vikafungua masomo hayo. Wanafunzi husoma jinsi mtoto akuavyo, elimu ya nafsi, sheria, na nadharia za namna mtu na jamaa yake wavutavyo na kusukumana. Wapo wanaodharau neno hili nadharia, wakidhani ni maneno matupu ya wasomi. Lakini hata sisi tulikuwa na nadharia siku ile tulipompeleka mtoto, ila hatukuijua: tulidhani mtoto wa mlevi hana mtu, na nyumba ya mjini ni bora kuliko kibanda cha kijijini. Tofauti ni kwamba msomi huandika nadharia yake mahali penye nuru, apate kupingwa.

Kisha hupelekwa kazini, hospitalini, kwenye halmashauri au makao ya watoto, chini ya mtu mzoefu amwangaliaye na kumwuliza jioni, “Kwa nini ulisema hivi? Kwa nini ulinyamaza pale?” Sisi twaona fungu hili ni la thamani kupita yote. Wazee wa kanisa, tena wainjilisti na walimu wa vijijini, ni nani atuulizaye hivyo jioni? Tukishatoa msaada, twashukuriwa; na anayeshukuriwa kila siku hajui kosa lake.

Jambo jingine wanalofundishwa lilitushangaza tulipolisikia. Mwaka 1957 padre mmoja wa shirika la Wajesuiti huko Marekani, Felix Biestek, aliandika kanuni saba za mtu anayewasaidia wengine. Mojawapo ni kumwacha yule mwenye shida ajiamulie mambo yake mwenyewe, na nyingine ni kutunza siri zake. Wao humwita “mteja”, neno ambalo masikioni mwetu lanukia duka, wala hatulipendi. Walakini mteja anaweza kusema “sitaki”, na maskini wetu mara ngapi amepewa nafasi ya kusema hivyo? Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 katika Tanzania yampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Sisi tulimpandisha garini kama mzigo, tena kwa upendo.

Labda mtu atasema, basi shauri limekwisha: elimu ni njema, huruma peke yake haifai. Yafaa tungoje kidogo. Elimu hii nayo ina aibu yake, na sisi Walutheri yatupasa kuijua, maana imepita karibu na nyumba yetu.

Katika Ujerumani mambo haya yalianza katika kanisa. Wichern alifungua makao ya watoto maskini Hamburg mwaka 1833, na Fliedner akaanza chama cha mashemasi wa kike Kaiserswerth mwaka 1836. Baadaye, mwaka 1908, mwanamke mwenye elimu nyingi, Alice Salomon, akafungua shule ya kazi hii mjini Berlin, na wengi katika Ulaya wakamfuata. Basi wafanyakazi wakawa hodari katika kuuliza, na kuandika, na kutunza majalada. Kila jamaa maskini ilikuwa na karatasi zake: nani mlevi, nani ana kifafa, nani hakuweza masomo. Zote ziliandikwa kwa nia ya kusaidia.

Kisha ikaja serikali ya Hitler. Tarehe 14 Julai 1933 sheria ikatolewa ya kuwakata uzazi watu walioitwa wenye magonjwa ya kurithi, hata wasipotaka. Na watu wapatao 400,000 wakafanyiwa hivyo. Majina yalipatikana wapi? Mengi yalitoka kwa waganga na wafanyakazi wa ustawi, na katika majalada yale yale. Hata Bethel ya Bielefeld, makao ya wagonjwa ambayo misioni yake ilifanya kazi Usambara na Buhaya, na ambayo kwa njia yake wagonjwa wa akili hutunzwa Lutindi tangu mwaka 1904, ilikubali sheria ile, na wagonjwa wake wakakatwa. Mwaka 1940, serikali ilipoanza kuwaua wagonjwa, ndipo mkuu wake alipopinga. Wala hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na elimu, tena walikuwa na huruma, na jambo hili latuogofya kuliko kama wangalikuwa wakatili. Alice Salomon mwenyewe, aliyebatizwa mwaka 1914, alifukuzwa katika nchi yake mwaka 1937 kwa kuwa jamaa yake walikuwa Wayahudi, akafa New York mwaka 1948.

Basi ni neno gani lililokosekana, kwetu sisi tusiosoma, na kwao waliosoma? Twaona kwamba ni lile lile. Anayesaidia ana nguvu juu ya anayesaidiwa, na nguvu hii yajificha, kwa sababu yavaa nguo ya wema. Mtu mwenye rungu ajua kwamba ana rungu; mwenye kutoa chakula hudhani mikono yake ni mitupu. Sisi tulimhamisha mtoto wa mtu kwa juma moja. Kama angalifanya hivyo askari, kijiji kizima kingalipiga kelele. Kwa hiyo elimu tunayoitaka ni ile imfundishayo mtu kuiogopa nguvu yake mwenyewe. Twaamini yaweza kufundishwa, kwa kuwa ni mazoea: kuuliza, kuulizwa, kunyamaza, kurudi kutazama. Huruma yenyewe hatujui kama yafundishika. Mzee huenda alisema kweli katika hilo.

Tukikumbuka Msamaria yule wa njia ya Yeriko, wahubiri wetu hupenda mafuta na divai na punda. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kupita tena. Na mama wa binti yetu, aliyelea yatima wawili bila chuo? Tulimwendea tukamwuliza alifanyaje. Alicheka, akasema kwamba kabla ya kuwachukua alilala siku nne kwa marehemu ndugu yake, akawatazama watoto wanamkimbilia nani wakilia, na mmoja alimkimbilia shangazi wa upande wa pili. Kwa hiyo huyo alimwacha mwaka mzima, mpaka alipokuja mwenyewe. Lo! Mary Richmond angalimpa darasa afundishe.

Mwezi uliofuata wazee walikutana tena. Tuliwasimulia habari ya yule mtoto wa mlevi, ambayo wote waliijua na hapana aliyeitaja miaka yote. Kimya kikawa kirefu. Mzee yule aliyeuliza swali la kwanza ndiye aliyetoa nauli nyingi siku zile. Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akamwuliza binti kama huko chuoni watu husoma pia makosa ya waliotangulia, au hujifunza sifa zao tu. Binti akasema, “Shikamoo babu. Sijui bado. Nikikuta hawasomi, nitauliza.”

Usharika umekubali kulipa nusu ya ada ya mwaka wa kwanza. Nusu ya pili inatafutwa. Yule kijana sasa ni mtu mzima, ni utingo wa lori la mbao. Wazee wawili wametumwa wamtafute, si kwa kumpa kitu, ila wamwulize.